Nyumba Ndogo Ubavuni mwa Mzee Gharib

Siku ambayo mwalimu Nuhu aliposa bila kujua kwamba anaposa, Shadia alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ameshika kopo la maji, na nusu ya mtaa ilikuwa inatazama. Watu wa Buzebazeba hawana haraka ya kusahau jambo. Mpaka leo ukipita pale utawakuta wanaolisimulia, kila mmoja kwa chumvi yake. Sisi tulisimulie kama alivyoliona Shadia, maana siku ile hakuna moyo uliokwenda mbio kuliko wake.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao wakimbizi kutoka Burundi walijaa Kagunga hadi mchanga wa ufuoni ukawa hauonekani. Kigoma nzima ilikuwa na magari meupe na watu wa vizibao wenye maswali. Unaamka, unafagia uwanja wako, anakuja mtu anakuuliza nyumba hii mnalala wangapi. Unamjibu, anashukuru sana, anaondoka, na sura yake huioni tena. Mzee Gharib, baba yake Shadia, alikuwa amewapa wote hao jina moja: wapita njia. Alikuwa na sababu yake, na tutaifikia.

Kwa hiyo Nuhu alipotua na wanafunzi wake kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mtaa ulidhani ni walewale. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kofia ya ukili na viatu ambavyo siku ya pili tu vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa vumbi letu. Fani yake ilikuwa kupanga mandhari, yaani miti ikae wapi, njia ipite wapi, maji yateremkie wapi na watu wapumzikie wapi. Kilichomleta ni korongo. Korongo lenyewe lilianza kama kijifereji kando ya barabara ya juu, na kila masika likawa linameza jiko la huyu na choo cha yule, mpaka likaupasua mtaa kutoka juu hadi karibu na ziwa. Chuo kilitaka kukaa na wenyeji, kuwasikiliza, halafu kuchora pamoja nao namna ya kulituliza kwa ngazi za mawe, majani ya mizizi mirefu, michikichi kandokando, na njia yenye kivuli ya kushukia ziwani.

Shadia alikuwa na kitalu cha miche karibu na sokoni, na mwenyekiti wa mtaa akamteua awe mwenyeji wa wageni hao. Alikubali shingo upande. Siku za kwanza alimjibu Nuhu kwa mkato, akitembea mbele yake haraka kama mwenye safari yake. Lakini huyu alikuwa na jambo lake moja. Akiuliza swali, anakaa chini kusikiliza jibu. Akiambiwa na bibi kizee kwamba pale palikuwa na mwembe, atarudi kesho yake na mkanda wa kupimia kutafuta mwembe ulipokuwa. Alijifunza kuwasalimu Waha wa mtaani kwa salamu yao, "mwidiwe", akawa anaisema vibaya na kwa furaha, hadi watu wakawa wanamngoja apite ili wamsikie.

Alasiri moja wakiwa wamekaa ukingoni mwa korongo, miguu inaning'inia, Nuhu alimweleza kwamba kwao ni Kondoa, na kwamba ardhi ya kwao iliwahi kuliwa na maji mpaka watu wakahamishwa na mifugo yao ikaondolewa.

"Mama yangu aliniambia nikasome kitu kitakachoziba," alisema. "Sikuelewa. Nilidhani anataka niwe fundi wa paa."

Shadia alicheka, akamtazama, na Nuhu naye alikuwa anamtazama. Hakuna aliyetangulia kuondoa macho. Tangu alasiri hiyo Shadia akawa anajipaka hina bila kuwepo harusi, na dada yake Zaitun, aliyekuwa na macho ya kuona, akawa anaguna tu kila akipita.

Sasa kuhusu mji mdogo wa udongo. Nuhu hakutaka kuwaonyesha watu michoro ya karatasi, maana alisema karatasi inamwogopesha mtu mzima. Badala yake walichukua mbao za milango ya zamani, wakaunga meza kubwa chini ya turubai mbele ya ofisi ya mtaa, wakaujenga mtaa wote juu yake kwa udongo wa korongo lenyewe. Kila familia ilifinyanga nyumba yake kwa mikono yake na kuiweka mahali pake. Siku ya kwanza zikazuka kelele, kwamba huyu kanisogelea, yule kaniziba njia ya maji. Ndipo Nuhu akatunga sheria: nyumba haihesabiwi kuwa imewekwa mpaka majirani wa pande zote mbili wampe mwenye nyumba mkono juu ya paa lake. Jirani asiyeridhika anaiondoa. Watu waliipenda sheria hiyo kuliko Nuhu alivyotegemea. Mama Verediana, jirani wa ng'ambo ya korongo, alijipa cheo cha kuisimamia, na ole wako uguse paa bila mkono.

Mzee Gharib aliweka nyumba yake, akapeana mikono na waliohusika, akaondoka bila maneno mengi. Ubavuni mwa nyumba hiyo aliacha mahali patupu, pale ukingoni. Hapo ndipo palipokuwa na jiko la marehemu mkewe kabla korongo halijalichukua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini hapafinyangii kitu.

Mzee huyu alikuwa ametumikia reli maisha yake yote pale stesheni ya Kigoma. Alikuwa ndiye anayepunga bendera ya kijani treni iondoke. Miaka ya nyuma, kambi za Wakongo zilipokuwa zimejaa, Zaitun aliolewa na kijana wa Morogoro, mtunza bohari wa shirika moja. Kambi ilipofungwa kijana akapanda treni, akasema nitarudi kukuchukua. Hakurudi, wala hakumwita. Na aliyeipungia bendera treni ile ni Mzee Gharib kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo neno "nitarudi" lilikuwa halitamkwi nyumbani kwao, hata na mtu anayekwenda dukani.

Kwa hiyo siku moja kabla ya maonyesho ya mwisho, Nuhu alipomshika Shadia mkono kule kitaluni na kufungua kinywa, Shadia alimwahi.

"Usiseme utarudi. Niambie kingine chochote."

Nuhu alifikiri. "Nakupenda," alisema.

"Hilo nalijua," Shadia alijibu, na machozi yakamtoka palepale, kwa sababu kulijua hakukumsaidia kitu.

Basi ikafika siku ya maonyesho. Turubai lilikuwa limepambwa kwa makuti ya michikichi, akina mama walikuwa wamekaanga dagaa na migebuka, wanafunzi wamevaa vitenge walivyonunuliwa na mtaa kama zawadi ya kuagwa. Kesho yake walikuwa wanapanda treni. Nuhu alisimama kwenye meza akieleza. Shadia, kwa kazi aliyopewa, akamimina maji ya kopo juu ya mlima wa udongo ili watu waone yatakavyoteremka. Maji yalishuka, yakapita kwenye ngazi, yakapoa kwenye majani, yakafika ziwani taratibu bila kubeba nyumba ya mtu. Watu walipiga makofi. Wengine walisogea kugusa wahakikishe.

"Na ukingo ukishashika," Nuhu akaendelea, uso wake umechangamka kama mtoto, "hata hapa ambapo leo panatisha, mtu anaweza kujenga akalala usingizi."

Akachukua kinyumba kimoja cha udongo kilichobaki kwenye sanduku, akakiweka ukingoni, ubavuni mwa nyumba ya Mzee Gharib, mahali patupu.

Watu wakatazamana. Kisha Mama Verediana akapiga kigelegele kirefu ambacho kilisikika sokoni.

"Mwalimu kaweka nyumba!" alisema. "Kaweka nyumba kwa Mzee Gharib!"

Wanawake wakamwitikia, na meza nzima ikageuka kumtazama Shadia. Mwalimu alikuwa ametoa mfano, lakini mtaa ulijua sheria. Kwenye meza ile hakukuwa na mifano, kulikuwa na nyumba za watu, na kijana anayeweka nyumba yake ubavuni mwa mzee mwenye binti hana maelezo ya kutoa. Shadia alitamani ardhi impasukie, na wakati huohuo alitamani asikose hata kidogo cha kitakachofuata.

Mzee Gharib alijipenyeza mpaka mbele. Aliitazama ile nyumba, halafu akamtazama Nuhu.

"Hii ya nani?"

Mkono wa Nuhu ulikuwa bado hewani. Shadia aliutazama mkono ule tu, hakutazama kingine. Ilikuwa rahisi mno. Alikuwa na neno moja la kusema, kwamba ni mfano, watu wacheke, akichukue kinyumba chake akirudishe sandukuni, na kesho apande treni yake kwa amani. Mkono ukashuka. Vidole vikashika paa.

Nuhu akaiweka sawa ile nyumba, ilikuwa imeinama kidogo. Akaondoa mkono.

"Ni yangu, Mzee."

Mama Verediana hakungoja. Alinyoosha mkono juu ya paa, akatangaza kwamba yeye kwa upande wake wa korongo mpaka ameukubali, na ujirani ameukubali, na kama kuna pilau ataikubali pia. Watu wakaangua kicheko. Mzee Gharib hakucheka. Aliizunguka meza polepole, mikono nyuma, kama alivyokuwa akikagua mabehewa.

"Mlango wake unatazama wapi?"

"Barabarani, Mzee."

"Barabara ya wapi?"

Nuhu akasita. "Ya kwenda stesheni."

"Nyumba inayotazama stesheni, mwenyewe hakai. Igeuze itazame kwangu."

Hakuna mtu pale ambaye hakutegemea aigeuze. Lilikuwa jambo la kuzungusha vidole. Zaitun, aliyesimama nyuma ya mdogo wake, alinong'ona, "Geuza, shemeji, geuza." Lakini Nuhu alikuwa amekunja uso, anatazama mteremko.

"Siwezi, Mzee wangu," alisema. "Uwanja wako uko juu. Nikiugeuza mlango ukatazama kwako, mvua ya kwanza tu maji yote yanaingia ndani. Nitakuwa nimekupendeza leo mbele ya watu, halafu atakayelala kwenye maji ni mwanao."

Shadia alikaribia kumrushia kopo. Mwanamume gani huyu, anapewa mlango wa kuingilia anazungumzia mteremko! Alimwona baba yake akimkazia macho Nuhu kwa muda mrefu.

"Kumbe unajua kukataa," Mzee alisema. "Na kesho unapanda?"

"Napanda. Wanafunzi ni watoto wa watu, lazima niwafikishe. Nikitoka hapo nakwenda Kondoa, kwa mama yangu na mjomba wangu."

Neno lile lilikuwa mdomoni mwake, Shadia aliliona kabisa, na aliona pia jinsi alivyolimeza na kumtazama yeye badala ya kulisema. Mtazamo ule ulimpasha joto mwili mzima mbele ya baba yake na majirani wote.

Nuhu akanyoosha mkono juu ya paa. Mzee Gharib aliutazama, akabaki na mikono yake nyuma.

"Mimi nimekaa stesheni maisha yangu," alisema. "Wanaopanda nimewapa mkono wengi, umechoka. Siku hizi natoa mkono kwa anayeshuka."

Akageuka akaenda zake. Turubai lote lilijaa minong'ono, kwamba mzee kakataa, kwamba binti wa watu kaaibishwa. Shadia aliinamia meza ajifanye anakusanya vitu. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho wengine hawakukiona. Kwa sheria, jirani asiyeridhika huiondoa nyumba. Baba yake alikuwa ameinyima mkono, lakini ameiacha pale ilipo.

Usiku huo hakulia. Zaitun alikuja kukaa kitandani kwake, akamsuka nywele bila kuombwa, na Shadia akamuuliza kwa nini alikuwa ametabasamu Nuhu alipokataa kuigeuza nyumba.

"Wangu mimi hakuwahi kunikatalia kitu," Zaitun alisema. "Hata siku moja. Kila nilichosema alikuwa anasema ndiyo mke wangu, ndiyo mke wangu, mpaka anapanda treni. Huyu kamkatalia Baba mbele ya mtaa mzima, na kamkatalia kwa ajili yako. Mimi ningemngoja."

Shadia akamngoja. Hakwenda stesheni kumuaga, wote wawili walikubaliana hivyo. Nuhu alipiga simu alipofika Tabora, akapiga Dodoma, akapiga Dar, na hakuzungumza makubwa. Aliuliza kama mvua imenyesha, kama miche ya michikichi imeota, kama kinyumba kimepasuka. Kisha akaenda kijijini kwao, mtandao ukawa wa kupanda kilimani, na simu zikakatika. Siku zikapita simu haiiti. Shadia akaanza kuwajibu wateja wa kitaluni vibaya. Watu nao hawakosi, mmoja akamwambia kwa huruma ya uongo kwamba wapita njia ndivyo walivyo.

Alasiri moja ya jua kali alishindwa kuvumilia. Akaenda ofisi ya mtaa, ambako mji mdogo ulihifadhiwa, aone kinyumba kimebaki vipi. Udongo mbichi ukikauka hupasuka, na jua lile halikuwa na mchezo. Nyumba nyingi mezani zilikuwa zimeshafanya nyufa. Alisukuma mlango taratibu akamkuta baba yake ameinama juu ya meza na birika la maji.

Kinyumba cha ukingoni kilikuwa kimefunikwa kitambaa kilicholowa. Shadia alikitambua kitambaa kile. Ilikuwa ile bendera ya kijani.

Mzee Gharib alijinyoosha, akakohoa. "Nimekuja kusoma matangazo," alisema.

"Baba, ubao wa matangazo uko nje."

"Nimeshausoma."

Shadia alitaka kumkumbatia, lakini baba yake hakuwa mtu wa kukumbatiwa ofisini, kwa hiyo alichukua birika akaenda kulijaza. Aliporudi walilowesha pamoja pembe moja iliyokuwa inaanza kukauka. Nje kwenye makuti ya michikichi ndege walikuwa wanapiga kelele, na Shadia alijikuta anaimba kwa sauti ya chini.

Simu ikaita jioni ya siku ambayo mawingu yalianza kujikusanya juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Shadia aliipokea mkono ukiwa umejaa udongo.

"Tuko Dodoma stesheni," Nuhu alisema. "Mimi, mama na mjomba. Mama kabeba kuku, wanamkatalia behewani. Mwambie Mzee."

Alimwambia. Mzee Gharib alijibu, "Haya," akaendelea kunywa chai. Lakini siku ya treni Shadia na Zaitun walipokuwa bado wanahangaika na vitenge vyao, walimsikia anafunga geti. Walimkuta stesheni ametangulia kwa bodaboda, amevaa shati lake jeupe la kazi lililopigwa pasi, amesimama pale alipokuwa akisimama siku zote. Hakuwa amekanyaga jukwaa lile tangu astaafu. Walipomkaribia alisema kwamba amekuja tu kuona kama siku hizi wanachelewa.

Walikuwa wanachelewa. Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Mama Verediana akafika na mwavuli na wanawake wengine, wakasema wanapita tu. Hatimaye treni ikapiga honi upande wa mto Luiche, ikaingia taratibu, na abiria wakaanza kumwagika na mizigo yao. Shadia alisimama kwa ncha za vidole. Aliona kofia ya ukili. Halafu akamwona mwenyewe, amekonda kidogo, amemshika mama yake mkono anamteremsha ngazi, na mzee mmoja wa kanzu anafuata nyuma na kuku kwapani, kwa maana kuku naye alikuwa ameshinda kesi yake.

Nuhu alimwona Shadia. Alitabasamu mpaka Shadia akasahau kwamba amenyeshewa, akasahau na watu. Alikuwa ameshapiga hatua, lakini baba yake alikuwa ametangulia mbele yake, anatembea haraka kuliko alivyotembea kwa miaka, anapita katikati ya mizigo. Alifika chini ya ngazi ya behewa kabla Nuhu hajamaliza kusema shikamoo. Akamnyooshea mkono.

Nuhu aliupokea kwa mikono yake miwili. Mzee Gharib hakuuachia upesi. Nyuma yao Mama Verediana alikuwa ameshapiga kigelegele, na wanawake wamedakia, na abiria wasiojua lolote wamesimama wakicheka tu kwa kuwa wengine wanacheka.

"Mlango nimeshaugeuza, unatazama kwangu," Mzee alimwambia. "Maji ni kazi yako. Ndiyo uliyosomea."